SOMO LA UFUNDI: Kupanga Ukurasa wa Tovuti Ukae Vizuri kwenye Simu na kwenye Kompyuta



Safari hii tunaingia katika jambo ambalo vijana wengi wanaliulizia, na ambalo vikundi vya biashara vinalihitaji hata kama havijui jina lake. Tutajifunza kupanga ukurasa wa tovuti hivi kwamba mtu akiufungua kwa simu ndogo ausome bila taabu, na mwingine akiufungua kwa kompyuta auone umejaa vizuri. Ukurasa ni uleule mmoja, hauandikwi mara mbili. Chombo tutakachotumia kinaitwa Bootstrap. Kinapatikana bure, na mtu aliyekwisha kujifunza HTML kidogo anaweza kuanza kukitumia leo hii.

Kwa wale ambao ni wageni wa mambo haya: HTML ndiyo lugha ya kuandika yaliyomo katika ukurasa, yaani maneno, picha na namba. CSS ndiyo inayosema vitu hivyo vikae wapi, viwe na rangi gani na ukubwa gani. Bootstrap ni maktaba ya CSS iliyokwisha kuandikwa na watu wengine. Ndani yake mna vipande vilivyo tayari kama vitufe, kadi, majedwali na fomu, na mna gridi ya kuvipanga. Kazi yako ni kuchagua kipande na kukiita kwa jina lake.

1. KWA NINI TUJISUMBUE?

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama wanaouza samaki na mboga katika soko la Kibuye kimechanga pesa kikamlipa kijana akitengenezee ukurasa. Kijana ameutengenezea kwenye kompyuta ya saiba na umependeza kweli. Bidhaa ziko tatu tatu kila mstari, kuna jedwali la bei lenye sehemu nne, na namba ya kulipia iko pembeni, mkono wa kulia. Akina mama wameuona, wamepiga makofi.

Sasa mteja aliyeko Ahero anaufungua kwenye simu yake. Herufi zimekuwa ndogo kama chembe za mchanga. Anapanua kwa vidole viwili ili asome. Anaona jina la samaki na anaona kipimo, lakini bei imebaki nje ya skrini, upande wa kulia. Anavuta huku, jina linapotea. Anavuta kule, bei inapotea. Basi anakisia bei ya mstari usio wake, anapiga simu akidhani mbuta ni bei ya omena, na mazungumzo yanaishia kwa lawama. Au hapigi kabisa, anafunga na kununua kwingine. Na samaki hangoji, jioni ikifika ni hasara ya mwenye meza.

Tuangalie vizuri aliyeumia hapa ni nani. Mwenye kompyuta ofisini aliona kila kitu. Aliyekosa ni mwenye simu ndogo na bando la kuhesabu, yaani yule mteja ambaye kikundi kilimtaka zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hata kizuri hakijiuzi kama mnunuzi hakioni. Kwa hivyo mpangilio wa ukurasa si urembo tu. Unaamua nani apate habari na nani akose.

2. NJIA HII ILITOKA WAPI?

Zamani waliotengeneza tovuti walichagua upana mmoja wakaupigilia msumari. Kompyuta nyingi zilikuwa zinakaribiana kwa ukubwa, kwa hivyo halikuwa tatizo kubwa. Simu zilipoanza kufungua kurasa, wengine walitengeneza tovuti mbili, moja ya kompyuta na moja ya simu. Kazi ikawa maradufu: bei ikibadilika huku, kule imesahauliwa.

Mwezi wa Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika makala akipendekeza ukurasa mmoja unaojibadilisha wenyewe kulingana na upana wa skrini. Mwaka uliofuata, Agosti 2011, Mark Otto na Jacob Thornton, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Twitter (iliyobadilishwa jina kuwa X mwaka 2023), waliitoa Bootstrap kwa watu wote. Toleo la 2, Januari 2012, lilileta gridi ya kujibadilisha. Toleo la 3, Agosti 2013, liligeuza mambo: likaanza na simu kwanza, kompyuta baadaye. Toleo la 4 lilitoka Januari 2018, na la 5 Mei 2021. Somo letu linafuata toleo la 5.

Hilo la kuanza na simu linatuhusu sana sisi. Hapa Kenya M-Pesa ilianza Machi 2007, na kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Wengi wetu tulikutana na intaneti kwa mara ya kwanza kwenye simu, kabla ya kuwahi kugusa kompyuta. Anayepanga ukurasa kwa kuanzia kompyuta anaanzia kwa mgeni na kumwacha mwenyeji nje.

3. GRIDI NI DAZENI MOJA

Nenda Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika. Muuzaji aliyepata nafasi pana hutandaza vikapu vyake vitatu sambamba. Akipata nafasi finyu hakati vikapu wala hapunguzi mali. Anavipanga kimoja nyuma ya kingine, na kile kinachotafutwa zaidi anakiweka mbele. Mali ni ileile, mpangilio umefuata nafasi. Gridi ya Bootstrap inafanya hivyo hivyo.

Ina vitu vitatu, na kila kimoja hukaa ndani ya mwenzake:

Kwanza ni kontena. Hili ndilo linaloshika kila kitu na kuacha nafasi kidogo pembeni ili maneno yasigonge ukingo wa skrini.

Pili ni mstari, ambao hukaa ndani ya kontena.

Tatu ni nguzo, ambazo hukaa ndani ya mstari. Ndani ya nguzo ndimo unamoweka bidhaa yenyewe.

Kila mstari umegawanywa sehemu 12 zilizo sawa. Mbona 12, si 10? Mwenye duka anajua jibu. Dazeni inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6 bila kubaki kitu. Kumi haigawanyiki kwa 3 wala kwa 4. Kwa hivyo ukitaka bidhaa mbili kwa mstari, kila moja inachukua sehemu 6. Ukitaka tatu, kila moja 4. Ukitaka nne, kila moja 3. Na ukitaka moja ijaze mstari mzima, inachukua zote 12.

Hesabu zikizidi 12, nguzo iliyozidi haipotei. Inateremka mstari wa chini yake. Jambo hili linawashtua wanaoanza, lakini ndilo linalofanya gridi iweze kujipanga.

4. TUANZE KUANDIKA

Hatua ya kwanza. Juu ya ukurasa, katika sehemu ya kichwa, andika mistari hii miwili:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<link rel="stylesheet" href="css/bootstrap.min.css">

Mstari wa kwanza ni mfupi lakini usiuache hata siku moja. Bila huo simu hujifanya ina skrini pana, mara nyingi pikseli 980, kisha huubana ukurasa mzima uenee. Ndipo herufi zinakuwa kama mchanga, na gridi yako yote inakuwa kazi bure. Mstari wa pili unaita faili la Bootstrap ulilolipakua na kuliweka katika folda yako.

Hatua ya pili. Tengeneza kontena, mstari na nguzo:

<div class="container">
  <div class="row g-3">
    <div class="col-12 col-md-6 col-lg-4">Omena</div>
    <div class="col-12 col-md-6 col-lg-4">Mbuta</div>
    <div class="col-12 col-md-6 col-lg-4">Ngege</div>
  </div>
</div>

Hebu tusome majina ya nguzo polepole. La kwanza, col-12, linasema: chukua dazeni nzima. Hili ndilo la simu. La pili, col-md-6, linasema: skrini ikifikia upana wa kati, chukua sehemu 6, yaani nusu. La tatu, col-lg-4, linasema: skrini ikiwa kubwa, chukua 4, yaani theluthi. Kwa hivyo kwenye simu omena, mbuta na ngege watakaa mmoja chini ya mwingine. Kwenye tableti watakaa wawili wawili. Kwenye kompyuta watakaa watatu kwa mstari. Hukuandika kurasa tatu, umeandika moja.

Ile g-3 ni uchochoro kati ya meza na meza. Bootstrap huacha yenyewe uchochoro wa pembeni kati ya nguzo na nguzo, lakini wa juu na chini hauachi. Ukisahau kuuweka, kwenye simu kadi zitagusana kama meza zilizosongamana, na mtu hatajua bei hii ni ya samaki yupi.

5. MIPAKA YA UPANA

Ukiuliza simu inaishia wapi na kompyuta inaanzia wapi, Bootstrap 5 imeweka mipaka mitano, yote kwa pikseli:

sm: kuanzia 576
md: kuanzia 768
lg: kuanzia 992
xl: kuanzia 1200
xxl: kuanzia 1400

Chini ya 576 hakuna herufi za kuandika, unaandika col-12 hivi hivi. Simu nyingi zikishikwa wima huhesabiwa upana wa karibu pikseli 360, kwa hivyo ziko huku chini kabisa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kila amri hufanya kazi kuanzia mpaka wake kwenda juu, mpaka amri nyingine iishike. Ukiandika col-md-6 peke yake, nusu hiyo itaendelea hadi kwenye skrini kubwa kabisa. Huna haja ya kuandika amri kwa kila mpaka. Andika pale tu unapotaka mabadiliko.

Tufanye hesabu ili tuone faida. Kontena kwenye mpaka wa lg lina upana usiozidi pikseli 960. Ukigawa kwa tatu, kila bidhaa inapata karibu 320, nafasi ya kutosha picha, jina na bei. Lakini ukilazimisha tatu hizo hizo kwenye simu ya 360, kila moja inapata 120 au chini yake. Hapo hata neno "sukuma wiki" linakatika mara mbili. Sasa utaona kwa nini simu inapewa dazeni nzima.

6. NANI ATANGULIE?

Kwenye kompyuta macho huona vitu vingi kwa pamoja. Kwenye simu vitu huja kwa foleni, na kilichoandikwa kwanza katika HTML ndicho kinachotangulia. Hapa ndipo kurasa nyingi zinaharibikia. Tuseme bidhaa ziko kushoto kwa sehemu 8, na namba ya simu pamoja na siku za soko ziko kulia kwa sehemu 4. Kwenye kompyuta namba inaonekana mara moja. Kwenye simu imeshuka chini ya bidhaa zote, na mteja mwenye haraka haifikii.

Dawa yake ni hii:

<div class="row">
  <div class="col-12 col-lg-4 order-lg-2">Namba ya simu na siku za soko</div>
  <div class="col-12 col-lg-8 order-lg-1">Bidhaa na bei</div>
</div>

Namba imeandikwa kwanza, kwa hivyo kwenye simu iko juu. Skrini ikiwa kubwa, order-lg-2 inaipeleka mkono wa kulia. Lakini tahadhari: amri ya order hubadilisha kinachoonekana kwa macho tu. Ndugu zetu wasioona, wanaotumia programu ya kuwasomea skrini kwa sauti, husomewa kwa kufuata jinsi ulivyoandika. Kwa hivyo andika kwanza utaratibu wenye maana, ndipo utumie order kidogo kidogo.

Kabla ya kugusa kompyuta, tunashauri kikundi kikae pamoja na kijana wao na karatasi moja nyembamba, kiandike kutoka juu kwenda chini: mteja anataka kujua nini kwanza? Mara nyingi ni bidhaa gani ipo, bei yake na kipimo, kisha atalipaje na atampata nani. Historia ya kikundi na picha ya viongozi zinaweza kungoja chini. Neno hili huleta ubishi kidogo kwenye mkutano, lakini ni heri ubishi huo kuliko meza isiyo na mteja.

7. BEI, PICHA NA BANDO

Jedwali la bei. Bootstrap ina table-responsive, ambayo hulifanya jedwali pana livutwe kushoto na kulia bila kuvuruga ukurasa mzima. Inasaidia, lakini bei ikiwa sehemu ya nne bado imefichika mpaka mtu avute. Afadhali bei ifuate jina mara moja. Au acha jedwali utumie kadi, ambapo omena, gorogoro moja na bei yake vimekaa pamoja ndani ya kisanduku kimoja. Kadi huitwa kwa jina card, na ukiongeza h-100 kadi zote za mstari mmoja zitalingana urefu.

Picha. Ipe kila picha jina img-fluid ili isizidi upana wa nguzo yake. Lakini elewa jambo moja: img-fluid hupunguza picha kwa macho, haipunguzi uzito wake. Picha sita zilizopigwa kwa simu, kila moja megabaiti 3, ni megabaiti 18 ambazo mteja atalipia kabla ya kuona bei. Zikipunguzwa kwanza kwa programu ya picha hadi kilobaiti 80 kila moja, zote sita ni kilobaiti 480, hazifiki hata nusu megabaiti. Ukurasa unaotoshea simu lakini unamaliza bando haujamsaidia mteja.

Bootstrap yenyewe nayo ina uzito. Ikiwa unahitaji gridi tu, bila kadi wala vitufe, kuna faili dogo zaidi liitwalo bootstrap-grid.min.css. Tumia hilo. Kumbuka tu kwamba img-fluid haimo ndani yake, kwa hivyo amri ya picha utaiandika mwenyewe katika CSS yako.

8. MAKOSA YA KAWAIDA

(a) Kuweka nguzo nje ya mstari. Nguzo zikikosa row hazitakaa sambamba.

(b) Kuweka maneno moja kwa moja ndani ya mstari. Maneno hukaa ndani ya nguzo.

(c) Kuandika col-4 ukidhani ni ya kompyuta peke yake. Bila lg, theluthi hiyo inashika hata kwenye simu.

(d) Kupanga kwa kompyuta na kusema "ya simu tutarekebisha baadaye". Baadaye hiyo mara nyingi haifiki, kwa sababu pesa za kikundi zimekwisha.

(e) Kupima kwa simu ya mwenye kazi peke yake. Kivinjari cha kompyuta kinaweza kuigiza upana wa simu, na ni mwanzo mzuri. Lakini omba simu ya bei nafuu zaidi iliyo kwenye kikundi, ifungue ukurasa kwa bando la kawaida, uishike wima, kisha uilaze. Ikiwa mama mwenye simu hiyo anapata bei na namba ya kulipia bila kuelekezwa, kazi imekubali.

Wale wanaotaka kuendelea mbele wajue kwamba tangu Machi 2017 vivinjari vikubwa vilianza kuielewa CSS Grid, njia ya kupanga gridi bila maktaba yoyote. Ni nzuri, na ukiijua utabeba mzigo mwepesi zaidi. Lakini swali litabaki lilelile: mwenye skrini ndogo anaona nini kwanza?

MAZOEZI NA MASWALI YA KUJADILIANA

1. Fungueni kwenye simu ukurasa wowote wa biashara ya hapa Kisumu. Inachukua muda gani kuipata bei? Na namba ya simu je?

2. Mna bidhaa nane. Mnataka moja kwa mstari kwenye simu, mbili kwenye tableti, nne kwenye kompyuta. Mtaandika majina gani ya nguzo?

3. Katika kikundi chenu, nani ana simu ndogo kuliko wote? Je, aliwahi kuulizwa maoni kabla ukurasa haujalipiwa?

4. Ni kitu gani mngekubali kukishusha chini ya ukurasa ili bei ipande juu?

Jibu la swali la pili: col-12 col-md-6 col-lg-3. Mliopata, fundisheni jirani. Ambao hamkupata, rudieni sehemu ya 3 na ya 4 mkiwa na kalamu mkononi, mkigawa dazeni kwa vidole. Kazi njema.